Uacheni Mstari Mmoja Uchanue

Na mwanachama, Kidato cha 3

 Wahenga walisema akiba haiozi. Leo nimeshika kalamu kwa sababu shule yetu ilikuwa na akiba, tukaitupa kwa mikono yetu wenyewe, tena huku tukiimba.

Wengi wenu mtakumbuka Ijumaa ile ya muhula wa pili, siku moja kabla ya siku ya wazazi. Kwenye paredi tulitangaziwa kuwa kila darasa litafanya usafi. Sisi wa Kidato cha Tatu tukapewa shamba la sukuma wiki lililo nyuma ya jikoni. Sukuma zile zilikuwa zimetulisha tangu tukiwa Kidato cha Pili. Sasa zilikuwa zimerefuka hadi mabegani na kuchanua maua ya manjano. Juu maua, chini maganda ya kijani, membamba kama vijiti vya kiberiti, na nyuki wakivuma kama wako sokoni. Amri ilikuwa fupi: ng'oeni zote, zimezeeka, zitatuaibisha mbele ya wageni.

Tuling'oa. Mimi mwenyewe nilishika jembe, sitaki kujifanya malaika. Baada ya nusu saa hapakuwa na kitu. Mimea ikapewa ng'ombe, shamba likafagiliwa, wageni wakaja, wakanywa chai, wakaenda zao. Sidhani hata mzazi mmoja alipita nyuma ya jikoni.

Muhula huu ulipofunguliwa nilitumwa stoo ya Kilimo kuchukua majembe. Juu ya meza nikaona pakiti za mbegu zimepangwa vizuri. Mbegu za nini? Za sukuma wiki! Nilisimama pale kama mtu aliyeona nyoka. Jamani, tulilisha ng'ombe mbegu za bure, kisha tukaenda kununua mbegu zile zile kwa pesa ya karo. Hii ni akili gani?

Maoni yangu ni haya, nami nayasema waziwazi: kila mwaka shule yetu iache mstari mmoja wa sukuma uchanue mpaka mbegu zikauke, na mbegu hizo zipandwe hapa shuleni na majumbani kwetu. Nitaeleza sababu zangu. Nawaomba msinicheke kabla ya kufika mwisho.

Kwanza, tuujue mmea tunaoung'oa. Sukuma wiki, kabichi, koliflawa na brokoli tunaziona kama mboga nne tofauti. Ukweli ni kwamba zote ni mmea wa aina moja. Wataalamu huuita Brassica oleracea, nao ni wa jamii ya haradali, ile ile yenye punje ndogo tunayoisikia kanisani. Mpaka leo mmea huu huota pia mwituni, kwenye majabali ya pwani za Ulaya, kwa mfano kusini mwa Uingereza na upande wa Ufaransa. Huko kuna mawe ya chokaa na upepo wenye chumvi, mahali ambapo mimea mingi hukata tamaa. Mwaka wa kwanza mmea hukusanya nguvu kwenye majani mazito. Mwaka wa pili huitoa akiba ile yote, ukarefusha shina na kuchanua maua ya manjano. Kila ua lina petali nne zilizokaa kama msalaba. Ndiyo sababu jamii hii ya mimea iliitwa Cruciferae zamani, yaani wabeba msalaba. Nendeni mkaangalie ua la sukuma, mtahesabu nne.

Sasa, huyu mtu wa mwituni aligeuka vipi akawa kabichi? Hakuna aliyemroga. Wakulima wa kale walikuwa wakichagua. Waliopenda majani walichukua mbegu za mmea wenye majani mengi, vizazi na vizazi, wakapata jamaa wa sukuma wiki. Waliopenda ule mchomozo wa juu uliojikunja waliendelea kuuchagua mpaka ukawa kichwa cha kabichi. Wengine walichagua shina nene, wengine vitumba vya maua, na hapo ndipo zilipotoka koliflawa na brokoli. Theofrasto, Mgiriki aliyeandika juu ya mimea zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, tayari alizijua kabichi za majani yaliyojikunja, za majani laini, na zile za mwituni. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa jeni ulioonyesha kuwa ndugu wa karibu kabisa wa mboga hizi katika mimea ya mwituni hupatikana upande wa Bahari ya Aegean, kule kwa akina Theofrasto. Ulionyesha pia kwamba baadhi ya mimea tunayoiita ya mwituni ni watoro waliotoka mashambani zamani.

Mtaniuliza: wewe, mambo ya majabali ya Ulaya na Wagiriki yanatuhusu nini sisi wa Kinangop? Yanatuhusu sana. Kila mmoja wa wakulima wale, kabla ya kuchagua, ilimbidi afanye jambo moja: kuacha mimea kadhaa ichanue. Kama wangekuwa na tabia yetu ya kung'oa kila kilichotoa ua kwa sababu wageni wanakuja, leo hakungekuwa na kabichi, hakungekuwa na sukuma, na ugali tungekula na chumvi.

Sababu yangu ya pili inatoka nyumbani kwetu, na si rahisi kuisema mbele ya watu. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza, mama alinunua mbegu za sukuma katika duka moja ambalo sitalitaja. Alipanda robo ekari. Mama ni mama mboga. Siku za soko hubeba gunia lake mgongoni kabla jua halijatoka, na gunia hilo ndilo karo yangu. Zamani alikuwa akipanda mbegu za nyanya yangu (namaanisha mamake mamangu, si ile ya kukaangia), lakini watu walimwambia kuwa mbegu za kopo ni ushamba, anunue za pakiti yenye picha.

Miche ilitoka vizuri. Baada ya miezi miwili tukaanza kuona maajabu. Mimea mingine ilikuwa na majani madogo, magumu kama ngozi ya kiatu. Mingine ilijikunja ikataka kuwa kabichi, ikashindwa. Mingine ilichanua hata kabla ya kuchumwa mara tatu. Mama alirudi dukani, akaulizwa risiti. Risiti ya nini, na alipewa mbegu zimefungwa kwenye karatasi? Akaonyeshwa mlango. Mimi nikakaa nyumbani majuma matatu kwa sababu ya karo, na mpaka leo aljebra waliyosoma wenzangu majuma yale hunipiga chenga. Kwa hivyo mtu akiniambia mbegu ni jambo dogo, namtazama tu.

Aliyetuokoa ni nyanya. Alikuja kwa miguu akiwa na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kitambaa. Ndani mlikuwa na mbegu nyeusi, duara, ndogo kama risasi za bunduki ya ndege. Mama alitazama chini. Nyanya hakumkemea. Alisema tu, "Wewe ulinunua mbegu. Mimi zangu nilizichagua." Usiache mbachao kwa msala upitao; nadhani methali hii ilitungwa kwa ajili ya siku kama ile.

Nilimuuliza nyanya anachagua vipi. Alinipeleka shambani kwake akanionyesha mimea iliyofungwa uzi mwekundu wa sufu. "Hizi," akasema, "nimezichuma tangu mvua ya mwaka jana na bado zinatoa jani pana. Vidukari vilikuja, vikazipita. Sakitu ilipiga, hazikulala. Nikishaona hivyo, nafunga uzi. Mwenye uzi hachumwi tena, anaachiwa maua yake."

Pembeni palikuwa na mmea mmoja uliokuwa umechanua mapema sana. Mimi kwa ujuaji wangu nikamwambia, "Nyanya, huyu amekuwa wa kwanza, si tuchukue mbegu zake?" Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mjukuu wangu, huyo ni wa sungura. Ukipanda mtoto wa mwenye haraka, naye atakuwa na haraka. Utakula maua badala ya majani." Siku nyingine mwalimu wa Biolojia alipotufundisha urithi wa sifa kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, niliinua mkono nikatoa mfano huo, na mwalimu akauandika ubaoni. Nyanya yangu hakufika hata darasa la tatu.

Mama alipanda mbegu za kopo. Karo yangu ya muhula wa tatu mwaka ule ilitoka humo.

Sasa nijibu wale watakaonipinga, maana najua wapo, na wengine wako kwenye meza ya walimu.

Wa kwanza atasema: mbegu za kujichagulia huchanganyika, utapanda sukuma uvune kitu kisicho na jina. Huyo ana haki, wala sitambishia. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, aliandika kwamba alikuza miche 233 kutokana na kabichi za aina mbalimbali zilizoota karibu karibu. Ni 78 tu zilizofuata aina ya wazazi wao, na hata hizo si zote zilizokuwa safi kabisa. Hiyo ni theluthi moja tu! Labda ndiyo yaliyompata mama na mbegu zile za karatasi. Mimea hii kwa kawaida hukataa chavua yake yenyewe. Hutaka chavua ya jirani, na nyuki ndiye tarishi. Nyuki naye hajui huyu ni sukuma na yule ni kabichi. Dawa yake basi ni nini? Ni kuhakikisha kwamba wakati sukuma zetu zinachanua, hakuna kabichi wala sukuma ya aina nyingine inayochanua karibu. Hapa shuleni si kazi ngumu, maana kabichi zetu hukatwa vichwa kabla hazijafikiria maua. Na kwa kuwa mmea mmoja hauwezi kazi hiyo peke yake, ndiyo sababu naomba mstari mzima, si shina moja la kuonyesha watu.

Wa pili atasema: mbegu za dukani ni bora. Zingine ni bora kweli. Kabichi nyingi za kisasa ni za chotara, yaani wazazi wawili waliochaguliwa na wataalamu, na ukichukua mbegu za mtoto wao hutapata mfano wake. Hizo tuendelee kununua, tena kwa muuzaji anayetoa risiti. Mimi sisemi duka lifungwe. Nasema sukuma za kawaida, ambazo si chotara, tunaweza kujizalishia. Kule Kinale, upande wa Kiambu, wakulima wanajulikana kwa mbegu za sukuma wanazojichagulia wenyewe. Kinale na sisi tuna kitu kimoja, nacho ni baridi. Mmea huu hauchanui vizuri mpaka upigwe na baridi kwa majuma kadhaa. Ndugu zetu wa Mombasa wanaweza kuchuma sukuma mwaka mzima wasione ua. Sisi tuko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na asubuhi tunakuja shule meno yakigongana. Baridi hii tunailalamikia kila siku. Angalau basi itufanyie kazi.

Wa tatu atasema: ni kinyume cha sheria. Huyu nampa heshima zake, maana mwaka 2012 sheria ya mbegu ilifanyiwa mabadiliko, na mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa angeweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kufungwa hadi miaka miwili. Hebu fikirieni nyanya yangu na kopo lake mbele ya hakimu! Lakini mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani kuipinga, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kwamba vifungu vya kumwadhibu mkulima kwa kutunza na kugawana mbegu zake vinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hivyo kijiko cha mbegu ambacho mwanafunzi atapeleka nyumbani hakitampeleka korokoroni.

Wa nne, na huyu ndiye ninayemwogopa zaidi, atasema: sukuma zilizochanua zinaonekana vibaya, ni kama msitu. Mwalimu wangu mpendwa, naomba radhi, lakini hapa sikubaliani nawe. Tuna maua ya mapambo mbele ya ofisi, tunayamwagilia maji kila jioni hata wakati mifereji imekauka. Hayo hatuyali. Ua la sukuma ni ua pia, halihitaji kumwagiliwa sana, na mwishowe linatupa chakula. Kama ni aibu ya wageni, tuweke kibao cha mbao kilichoandikwa "Mbegu za Shule". Mzazi akisoma hivyo, ataona usafi au ataona uchafu? Mimi nadhani ataomba kijiko kimoja.

Basi haya ndiyo ninayopendekeza, na naomba Chama cha Kilimo na Chama cha Kiswahili tuyafanye pamoja. Mstari wa chini kabisa, ule ulio karibu na ua wa miti, utengwe. Uwe na mimea isiyopungua 20. Kila mmoja wetu akipita aangalie mimea yenye majani mapana, isiyoshambuliwa ovyo na wadudu, na inayochelewa kuchanua, kisha tuifunge uzi. Wenye haraka tuwape sungura wa shule. Tangu maua yafunguke mpaka maganda yakauke tuvumilie miezi kama mitatu au minne. Hiyo ndiyo hasara yote, mstari mmoja kwa muda huo. Maganda yakigeuka rangi ya majani makavu yakatwe kabla hayajapasuka, yaanikwe kivulini juu ya gunia, yapigwe polepole na kupepetwa. Mbegu ziwekwe kwenye kopo kavu lenye mwaka na jina la darasa. Zikitunzwa bila unyevu huweza kukaa miaka minne hivi na bado zikaota, kwa hiyo hata wadogo zetu wa leo watazipanda kabla hawajamaliza.

Sisi ni shule ya kutwa. Wenzetu wa bweni hukaa shuleni majuma mengi bila kuona shamba la mama. Sisi kila jioni tunarudi nyumbani, na wengi tunapita kwenye mashamba ya sukuma na kabichi tangu langoni hadi mlangoni. Kitu tutakachojifunza hapa saa tisa, saa kumi na moja kiko kwa wazazi wetu. Hakuna shule yenye njia fupi kama hiyo ya kufikisha elimu kijijini. Mbona tusiitumie?

Mwisho, namwomba mwalimu mkuu na mwalimu wa Kilimo, kwa heshima na taadhima, kwamba zile pakiti za stooni zikishapandwa na kutulisha, na siku ya wazazi ikija tena, tusiamriwe kung'oa zote. Kopo ninalo tayari, nimepewa na nyanya, na nimelisafisha. Uzi wa sufu pia ninao. Kilichobaki ni ruhusa na mstari mmoja.

Ni hayo tu. Mwenye maoni tofauti na aandike toleo lijalo, tujibizane kwa Kiswahili sanifu.